Mnara Uleule, Mtandao Mwingine



Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Vyombo vya habari vilishika namba hiyo, na ni haki yake. Katika mradi huohuo kulikuwa na namba nyingine, ndogo, iliyopita bila makelele: minara 304 iliyokwisha kusimama, iliyokuwa ikitoa huduma ya 2G, iongezewe uwezo ifike 3G na 4G. Mimi leo nimekuja kuzungumzia hiyo 304 na ndugu zake wengine walioko kila nchi.

Mnara mpya ni habari. Kuna zege, kuna nguzo, kuna mgeni rasmi na utepe wa kukata. Mnara uliopo ukiongezewa uwezo hakuna anayealikwa. Fundi anafika usiku ambapo watu wamelala, anafungua kabati, anachomoa kadi mbili tatu na kuchomeka nyingine, anapakia programu, anajaribu kupiga simu, anaondoka kabla jua halijachomoza. Asubuhi wanakijiji wanaona video iliyokuwa ikizungukazunguka sasa inafunguka. Au haifunguki. Ikiwa haifunguki, mnara ndio unaobebeshwa lawama, na mara nyingi mnara hauna kosa.

Nasema hivyo kwa sababu kituo cha simu huzeeka mgongoni kabla ya kuzeeka usoni. Redio yake, ile sehemu inayoongea na simu zetu, huweza kutumika muda mrefu kuliko tunavyoisifia. Kinachokiangusha ni uhusiano wake na mtandao ulio nyuma: lugha wanayoelewana, njia inayopitisha maneno yao, saa inayowalinganisha. Halafu kuna simu zenyewe, zile tulizonazo mifukoni, ambazo hakuna mhandisi anayeweza kuzipandishia daraja akiwa ofisini. Kampuni ikianza na redio, kwa kuwa redio ndiyo inayotangazika, itanunua kasi isiyomfikia mtu.

Tuanze na mgawanyo wa kazi. Kituo, yaani antena, redio na kabati lililo chini yake, hakijui laini yako ni ya nani. Hakijui kama una salio, wala kama bando lako limeisha jana usiku. Hayo yanajulikana katika kiini cha mtandao: majengo machache yenye seva, aghalabu katika miji mikubwa, ambamo ndimo kumbukumbu za wateja zinamotunzwa, simu zinamounganishwa na data inamotolewa kwenda intaneti. Kituo ni kama kondakta wa daladala: anaita abiria, anawapanga, anagonga bodi gari liondoke, lakini njia ya gari na kiwango cha nauli vimeamuliwa kwingine.

Makubaliano kati ya kituo na kiini wahandisi wanayaita kiolesura, na kila kizazi kimekuja na chake. 2G ilikuwa na viwili vilivyofuatana, Abis na A. 3G ikaja na Iu. 4G ikaja na S1. 5G ina NG. Msiyakariri majina haya, si mtihani. Kumbukeni tu kwamba kituo kinachozungumza S1 hakiwezi kuamkiana na kiini kinachoelewa NG peke yake, hata kama redio yake ni nzuri kiasi gani.

Katika 2G kituo hakikuunganishwa na kiini moja kwa moja. Katikati palikuwa na kidhibiti kilichosimamia vituo vingi kwa pamoja. Kiolesura cha A, kati ya kidhibiti na kiini, kiliandikwa kwa uwazi na kikafuatwa. Kile cha Abis, kati ya kituo na kidhibiti, nacho kiliandikwa, lakini kila mtengenezaji alikiongezea mambo yake, hadi kituo cha kampuni moja hakikuelewana na kidhibiti cha kampuni nyingine. Aliyenunua vituo alikuwa ameoa ukoo mzima. Ndiyo maana katika miaka ile mtu akitaka kubadilisha mtengenezaji alibadilisha mkoa mzima, vituo na kidhibiti chake, kwa mpigo.

Kisha ikaja GPRS, njia ya kupeleka data kwenye mtandao wa 2G, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu yaliyotokea wakati huo yamejirudia kila kizazi, na kuna watu wanaoendelea kuyashangaa.

Kwenye karatasi GPRS ilikuwa kazi nyepesi. Kituo kipakiwe programu mpya, kidhibiti kiongezewe kifaa cha kushughulikia pakiti za data, kiini kipate vifaa viwili vipya vya kupitishia data. Redio isiguswe. Lakini waya uliotoka kituoni ulikuwa umepangwa kwa ajili ya sauti. Sauti ya GSM, yaani 2G yetu, ilibanwa hadi kilobiti 13 kwa sekunde, na kwenye waya kila mazungumzo yakatengewa kilobiti 16. Waya wenyewe, E1, hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde zilizogawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64. Nafasi moja ya waya ikabeba sauti nne. Redio moja ya GSM, yenye nafasi nane hewani, ikahitaji nafasi mbili tu za waya. Hesabu safi, haina senti inayopotea. GPRS ilileta njia nne za kusimba data. Mbili za kwanza zilienea katika zile kilobiti 16. Mbili za kasi zaidi hazikuenea. Ya nne ilifika kilobiti 21.4 kwa kila nafasi ya hewani. Hewa iliweza, baadhi ya simu ziliweza, na kituo kiliweza. Waya haukuweza mpaka upangwe upya, na kuupanga upya maana yake kukodi E1 za ziada kwa kila mnara. Kampuni nyingi duniani zikaamua kuishia kwenye zile njia mbili za kwanza, huku matangazo yakiendelea kutaja kasi ya nne.

EDGE, mrithi wa GPRS, ilipofuata, njia yake ya juu kabisa ilifika kilobiti 59.2 kwa nafasi, na safari hii hata redio ikaguswa, kwa kuwa namna yake ya kupachika data juu ya wimbi ilitaka vikuza nguvu vilivyonyooka zaidi kuliko vile vya GSM ya awali. Ukiwa na redio za zamani, ulibadilisha. Ukiwa na waya wa zamani, ulibadilisha pia. Hapo ndipo ilipoanza kuonekana kwamba bei ya kizazi kipya huandikwa zaidi kwenye njia ya nyuma kuliko kwenye antena.

Kwetu Afrika Mashariki njia hiyo ilikuwa na tabaka la pili la shida. Mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika, SEACOM ikitua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 na TEAMS ikitua Mombasa mwaka huohuo, data yetu kwenda nje ya bara ilipanda satelaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ikashuka upande wa pili. Hata ungekuwa na kituo bora kuliko vyote, kila ombi la ukurasa lilifanya safari hiyo. Baadaye Mkongo wa Taifa ukatandazwa hadi mikoani, na ndipo mazungumzo ya kuviongezea uwezo vituo vya bara yakaanza kuwa na maana. Mnara ulio kilomita tano kutoka kwenye faiba na mnara ulio kilomita mia si mnara mmoja, hata kama vifaa vyake vimetoka katika kontena moja.

Mkataba wa kiufundi wa 4G, ule wanaouita toleo la 8, ulifungwa Desemba 2008, na mwaka mmoja baadaye TeliaSonera ikafungua huduma Stockholm na Oslo. Waliouandika walifanya jambo la ujasiri: walikiondoa kidhibiti. Kituo sasa kinazungumza na kiini moja kwa moja, kinaamua chenyewe lini kukabidhi simu kwa jirani, na majirani wanaongea wao kwa wao. Kila kitu kikawa pakiti za IP. Fundi aliyezoea E1, ambaye alijua kosa la waya kwa kuangalia taa ya kijani na nyekundu, alilazimika kurudi shule kujifunza ruta.

Lakini kidhibiti kilipoondoka kiliondoka na ukuta. Katika 3G, usimbaji unaoficha data yako hewani uliishia kwenye kidhibiti, ndani ya jengo lenye mlinzi na kitabu cha wageni. Katika 4G unaishia kituoni. Kuanzia hapo data yako inapita kwenye waya ikiwa wazi, isipokuwa kampuni iifunge tena kwa IPsec hadi kwenye lango la usalama la kiini chake. Kanuni zinairuhusu kampuni isiifunge ikiwa njia hiyo inalindwa kimwili. Mimi ruhusa hiyo siipendi. Kabati lililo nyuma ya seng'enge, kando ya barabara ya vumbi, lenye kufuli ambalo fundi wa jenereta, fundi wa betri na fundi wa redio wote wana ufunguo wake, halilindwi kimwili kwa maana yoyote ninayoijua. Anayepandisha mnara wa 2G hadi 4G aweke bajeti ya lango la usalama na vyeti vyake tangu siku ya kwanza. Kuongeza baadaye, wakati vituo mia tatu viko hewani, ni kazi ambayo huahirishwa kila mwaka.

Tuje kwenye saa, jambo ambalo wasimamizi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza siku ambayo tayari wameharibikiwa.

Ule waya wa E1 ulibeba kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ankara. Mbali na sauti, ulibeba mapigo. Biti zake zilitoka kituo kikuu kwa mwendo uliofungwa kwenye saa ya atomiki, na kituo cha mnarani kilihesabu mapigo hayo na kurekebisha masafa yake. Kituo kikubwa cha GSM kinatakiwa kisikosee masafa kwa zaidi ya sehemu 50 kati ya bilioni moja. Kwenye megahezi 900 hiyo ni hezi 45. Hakuna fuwele ya kawaida ndani ya kabati lenye joto la mchana wa Tabora inayoweza kushika kiwango hicho kwa miezi bila kusaidiwa.

Kisha kampuni inaondoa E1 na kuweka Etheneti, kwa sababu 4G inataka pakiti. Pakiti hazina mapigo, zinafika zinapofika. Siku za mwanzo hakuna kinachoonekana, kwa kuwa fuwele bado inakumbuka. Baada ya wiki kadhaa vituo vinaanza kupishana. Mtu aliyesimama chini ya mnara anaongea bila tatizo. Mtu aliye kwenye basi, anayetoka eneo la mnara huu kwenda wa pili, simu inakatika palepale. Fundi asiyejua atabadilisha antena, atabadilisha redio, atapanda juu kukaza nati, na simu zitaendelea kukatika. Ugonjwa uko kwenye waya ulioondolewa.

Tiba zipo. Kuna Etheneti yenye mapigo, ambayo inataka kila kifaa njiani kiielewe, kimoja kisipoielewa mnyororo umekatika. Kuna itifaki ya IEEE 1588, inayopeleka wakati ndani ya pakiti zenyewe na kukadiria ucheleweshaji wa njia. Na kuna kipokezi cha GPS kinachofungwa juu ya kabati, kidogo, cha bei nafuu kuliko vyote, na ambacho radi ikipiga ndicho cha kwanza kuondoka. Kwa 4G inayotumia masafa mawili tofauti ya kupanda na kushuka, kulinganisha mwendo kunatosha. Kwa 5G ya masafa ya megahezi 3500 hakutoshi, kwa sababu humo kituo na simu hupokezana zamu katika masafa yaleyale. Vituo jirani vinatakiwa vianze zamu ndani ya tofauti isiyozidi mikrosekunde 3. Katika muda huo mwanga unasafiri mita 900 tu. Kituo kikipoteza saa, kinapiga kelele wakati jirani yake anasikiliza, na kinaharibu huduma ya kata ya pili huku taa zake zote zikiwa kijani. Kwa hiyo nikiulizwa kama mnara fulani uko tayari kwa 5G, swali langu la kwanza ni saa yake inatoka wapi. Wengi wanaoniuliza hushangaa. Walitegemea niulize ni antena ya aina gani.

Sasa 5G yenyewe na kiini chake, na hapa historia ina kichekesho kidogo.

Toleo la 15, lililozaa 5G, lilikamilishwa kwa hatua. Desemba 2017 ilifungwa namna ambayo redio ya 5G inaegemea kituo cha 4G. Juni 2018 ikafungwa namna ya 5G inayojitegemea, yenye kiini chake. Wachoraji walitaka kila kampuni ipate mlango wake, wakachora njia nyingi na kuzipa namba. Mbili tu ndizo zilizopata wateja wa kweli: ile inayojitegemea, na njia ya 3. Njia ya 3 inachukua kituo cha 4G kilichopo, inakipakia programu ya kukiwezesha kumgawia mzigo jirani mpya, na kukifungia redio ya 5G pembeni. Kiini kinabaki kilekile cha 4G. Simu inaingia mtandaoni kwa 4G kwanza, ndipo inapewa njia ya pili. Korea Kusini ilianza hivyo Aprili 2019, na nchi nyingi zikafuata. Hata alama ya 5G mnayoiona kwenye kioo si ushahidi mkubwa: kituo cha 4G hutangaza kidokezo kwamba 5G inaweza kupatikana eneo lile, na simu nyingi huwasha alama kwa kidokezo hicho kabla hazijagusa wimbi lolote la 5G.

Njia ya 5 ndiyo ambayo mada yangu ingeipenda zaidi. Inakiacha kituo cha 4G na redio yake, na kukifundisha kuzungumza na kiini cha 5G. Ni kazi ya programu kwa kiasi kikubwa, mradi ubongo wa kituo uwe na nafasi. Kituo kinajifunza NG. Kinajifunza kupanga data kwa mikondo midogo yenye daraja zake badala ya mabomba yale ya 4G. Kinajifunza hali mpya ya kupumzika, ambamo simu inalala huku kituo kikiendelea kuikumbuka, ili ikiamka isianze salamu upya na kumaliza betri. Na kuna ustadi mmoja ninaoupenda sana kama mhandisi: kituo hicho kinaweza kutumikia viini viwili kwa wakati mmoja. Katika tangazo lake la kwanza hewani kinaweka orodha ya zamani kwa kiini cha 4G, na nyingine mpya kwa kiini cha 5G. Simu ya zamani inasoma orodha yake na haijui kama kuna nyingine. Kwenye karatasi, minara ya 4G ya dunia nzima ingehamia kiini kipya kwa usiku mmoja mmoja, bila mtu kupanda juu.

Haikutokea. Kampuni zilizofanya hivyo ni chache mno, na sababu haikuwa mnarani. Simu ndiyo iliyotakiwa iongee lugha ya kiini cha 5G juu ya wimbi la 4G, na watengenezaji wa chipu hawakuona kwa nini wajisumbue, kwa kuwa mteja asingeona kasi yoyote zaidi. Wimbi ni lilelile. Kampuni za simu hazikuagiza kwa kuwa simu hazikuwepo, na simu hazikuwepo kwa kuwa hazikuagizwa. Waliotaka kiini kipya waliruka moja kwa moja: T-Mobile ya Marekani ilifungua 5G inayojitegemea nchi nzima Agosti 2020 kwa masafa ya megahezi 600, na Jio ya India ikaanza hivyohivyo Oktoba 2022. Walieneza redio mpya na kiini kipya pamoja.

Na minara yao ya 4G je? Ilibaki ikizungumza S1 kama jana. Kilichobadilika ni kiini. Viini vinavyouzwa siku hizi huja na pande zote mbili katika programu moja, upande wa 4G na upande wa 5G, zikiunganishwa na kiolesura cha N26, ili simu ikitoka kwenye wimbi la 5G kuingia la 4G isipoteze mawasiliano iliyokuwa nayo. Tulidhani mnara wa zamani utajifunza lugha ya kiini kipya. Kiini kipya ndicho kilichojifunza lugha ya mnara wa zamani.

Mimi naona huo ndio mwelekeo wa haki kwa nchi zetu. Kiini kiko katika majengo machache, kina umeme wa uhakika, kina wahandisi usiku na mchana, na siku hizi ni programu inayokaa kwenye seva za kawaida. Vituo ni maelfu, viko Sikonge, viko Lamu, viko juu ya vilima ambavyo gari haliviwezi wakati wa masika. Ukiwa na shilingi moja ya kukunja kitu, kunja kile kilicho karibu. Vodacom Tanzania ilitangaza 5G Septemba 2022 na Safaricom Oktoba mwaka huohuo. Ni vizuri, miji ilikuwa inahitaji. Lakini kwa ile minara 304, na mingine inayofanana nayo, fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye njia ya nyuma na saa, ya pili kwenye redio ya 4G ya masafa ya chini yanayofika mbali, na 5G ningeiacha isubiri. Najua kuna mawaziri wasingependa kusikia hivyo kwenye uzinduzi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, nalo kwetu ndilo uchumi. Mtu anapopiga *150*00# kutuma pesa, au *334# kule Kenya, anatumia USSD, mfumo uliozaliwa na 2G. Simu iliyo kwenye 4G ikipiga menyu hiyo, kwa kawaida inateremka hadi 3G au 2G, inafanya shughuli, kisha inapanda tena. Mteja anaona tu kwamba data imesimama kidogo. Kiini cha 5G hakina kabisa ule upande wa zamani wa kuunganisha kila simu kwa njia yake iliyotengwa. Sauti inapita kwenye wimbi la 5G lenyewe, au simu inarudishwa 4G ipige huko. Utaratibu wa kupitisha USSD kwenye mfumo mpya wa sauti umeandikwa, lakini unataka simu na kiini vyote viuelewe. Na simu ya kitochi, ile ya mama lishe na ya wakala aliye pembeni yake, mara nyingi inaelewa 2G peke yake.

Kwa hiyo anayepandisha kituo daraja asiifute 2G. Vifaa vya sasa vinaruhusu: redio moja inatoa GSM na 4G katika masafa yaleyale ya megahezi 900, na chaneli moja ya GSM ina upana wa kilohezi 200 tu, tofauti na megahezi 5 za chaneli ya 3G. Ujerumani, ambako Telekom na Vodafone zilizima 3G katikati ya 2021, 2G waliibakiza. AT&T ya Marekani ilikuwa imekwisha kuizima 2G yake Januari 2017, ila kule hakuna mkulima anayelipia mbolea kwa nyota na reli. Nadhani sisi tuwafuate Wajerumani: 3G itangulie kwenda, 2G ibaki nyembamba, na juhudi zote ziende kwenye kupata simu za bei ya chini zinazopiga sauti kwa 4G. Simu hizo zikijaa sokoni, ndipo tuzungumze habari ya kuizima.

Umeme sitausemea sana, kwa kuwa mafundi mnaujua kuliko mimi. Redio ya 5G yenye antena nyingi huweza kula karibu kilowati moja ikiwa na mzigo mkubwa, na mnara mmoja hutaka redio kama hizo tatu. Jenereta iliyotosha 2G haitatosha. Kampuni za kukodisha minara nazo hutoza kwa uzito na kwa jinsi antena inavyokinga upepo. Hesabu hizo zifanywe kabla ya zabuni.

Nimalizie na kitu kidogo kuliko vyote, kadi ya laini. Moja ya sifa za kiini cha 5G ni kuficha utambulisho wa mteja. Katika vizazi vilivyotangulia simu huweza kulazimika kutaja namba ya kadi yake hewani bila kificho, na mwenye kituo bandia akainasa. Katika 5G namba hiyo inafungwa kwa ufunguo wa kampuni kabla haijatoka kwenye simu. Ufunguo huo unahifadhiwa ndani ya kadi. Kadi za zamani hazina, na simu yenye kadi isiyo na ufunguo hutumia utaratibu tupu, namba ikatoka kama ilivyo. Kampuni inaweza kuwa imenunua kiini kipya, imebadilisha redio, imenyoosha saa, na wateja wake wakaendelea kuonekana kama zamani. Baada ya foleni za kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020, hakuna atakayefurahia kuwaita watu dukani mara nyingine. Basi kampuni inayoagiza kadi mwaka huu iziagize zikiwa na ufunguo, hata kama kiini chake cha 5G bado kiko kwenye karatasi za zabuni.

Mwenyekiti, nasubiri maswali.